Magazeti na Ugonjwa Ulioitwa Uchovu

Miongoni mwa magonjwa ambayo magazeti ya ulimwengu yamekuwa yakiyaandikia kwa muda wa miaka arobaini hivi, huenda hapana ulioandikwa vibaya zaidi kuliko ule ambao wataalamu wa Marekani waliupa jina la ugonjwa wa uchovu sugu, na ambao wenzao wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuuita ME. Nimesema vibaya, sikusema kidogo. Umeandikwa sana. Umefanyiwa mzaha, umetangaziwa kisababishi ambacho hakikuwa kisababishi, na umetangaziwa tiba ambayo baadaye taasisi ile ile iliyoipendekeza iliiondoa katika mwongozo wake. Na katika kila hatua, mwandishi wa habari alikuwa na kinga ya kusema kwamba yeye hakubuni lolote. Aliandika alichoambiwa na mtaalamu. Hoja yangu ni kwamba kinga hiyo haimtoshi, na kwamba ninyi walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wa kesho na wahariri wa keshokutwa, hampaswi kuikubali.

Yafaa kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe. Mgonjwa huyu si mtu aliyechoka kama tuchokavyo sote jioni. Mara nyingi maradhi haya huanza baada ya maambukizi ya kawaida, kwa mfano homa ya matezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr. Wenzake wanapona, yeye haponi. Hulala asipumzike. Akili huwa nzito, maneno humpotea katikati ya sentensi, na wengi wakisimama wima moyo huwaenda mbio na kizunguzungu huwashika. Lakini alama inayoutofautisha ugonjwa huu na uchovu mwingine wowote ni kwamba mgonjwa akijitahidi, hata kwa jambo dogo kama kuoga au kuzungumza na wageni, hali yake huzorota, na aghalabu si papo hapo bali saa kadhaa baadaye au hata siku ya pili yake. Akisha kuanguka hivyo, huenda akakaa siku, wiki au miezi kabla ya kurudi alipokuwa. Yapata robo ya wagonjwa hawatoki nyumbani au hawatoki kitandani kabisa. Hakuna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha, wala hakuna dawa ya kuuponya. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, ilikadiria kwamba Wamarekani wenye ugonjwa huu ni kati ya 836,000 na milioni 2.5, na kwamba walio wengi hawajapata kuambiwa na daktari wanaugua nini.

Mwenye kutaka kujua upotoshaji ulianzia wapi na aitazame hospitali ya Royal Free ya London. Mnamo Julai 1955 wafanyakazi wa hospitali hiyo walianza kuugua mmoja baada ya mwingine: maumivu ya kichwa na shingo, misuli kulegea, hisi kuvurugika. Hospitali ilifungwa hadi Oktoba, na walioshikwa miongoni mwa wafanyakazi walifika 292. Dakta Melvin Ramsay, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza hapo hapo, aliwaona wagonjwa hao kwa macho yake na akauandikia ugonjwa huo hadi uzeeni. Basi mwaka 1970 madaktari wawili wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard, waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba kisa chote kile kilikuwa ni wasiwasi wa halaiki, yaani watu kuambukizana hofu. Hawakumpima mgonjwa hata mmoja, walisoma majalada. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba wanawake walioshikwa walikuwa wengi kuliko wanaume. (Katika hospitali iliyojaa wauguzi wa kike, mtu angetarajia nini?) Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuuweka ugonjwa huo katika orodha ya maradhi ya mfumo wa neva mwaka 1969, lakini orodha haina utamu wa kusimulia, na wasiwasi wa halaiki unao. Ndiyo habari iliyobaki vichwani mwa watu.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Katika kijiji cha Incline, kando ya ziwa Tahoe katika jimbo la Nevada, madaktari Paul Cheney na Daniel Peterson waliona wagonjwa wengi wakija na dalili zilizofanana, wakaita wachunguzi wa serikali kuu. Kwa kuwa eneo lile ni la watu wenye nafasi, magazeti yakaubatiza ugonjwa jina la dhihaka, mafua ya vijana wenye fedha, kana kwamba ni maradhi ya mtu aliyechoshwa na kazi nzuri na gari zuri. Jina hilo lilienea upesi kuliko uchunguzi wowote. Utafiti uliofanywa baadaye miongoni mwa raia wa kawaida ulionyesha kwamba maskini na watu wa jamii za wachache huupata sana. Walichokosa ni daktari wa kuwasikiliza tu. Lakini nani alilisahihisha jina? Hata kuna wahariri walioendelea kulitumia miaka mingi baadaye, maana linaingia vizuri katika kichwa cha habari.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya suala la majina, kwa kuwa linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Wachunguzi wa Marekani walipoupa ugonjwa huu jina rasmi mwaka 1988, walichagua dalili moja, uchovu, wakaifanya ndiyo ugonjwa. Ni kama kuiita malaria maradhi ya kutetemeka. Mfasiri wetu anapoketi usiku na habari iliyoletwa na shirika la kigeni, naye huchukua neno lililo karibu: uchovu. Lakini neno hilo katika Kiswahili limebeba mizigo mingi. Mtu huchoka kwa kulima, huchoka kwa kungoja, huchoka na mumewe; na siku hizi hapa kwetu hata viatu vilivyokwisha soli husemwa vimechoka. Jirani yake uchovu ni ulegevu, na jirani yake ulegevu ni uvivu. Hatua mbili tu na mgonjwa amekwisha kuhukumiwa. Tunalo neno mavune, yale maumivu na unyonge unaoushika mwili baada ya kazi nzito au safari ndefu, nalo linakaribia zaidi kwa kuwa lina wazo la adha inayofuata jitihada. Hata hivyo mavune ya mkulima huisha kwa kupumzika, na haya hayaishi. Kwa hiyo sioni aibu mwandishi akiandika ME kisha akatumia sentensi mbili kueleza maana yake. Sentensi mbili si gharama kubwa. Msomaji aliyepewa neno moja lisilofaa atajijazia mwenyewe yaliyobaki.

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito zaidi. Mnamo Februari 2011 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliojulikana kwa jina la PACE. Ulikuwa utafiti mkubwa, wenye wagonjwa 641 katika makundi manne, na uliogharimu takriban pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza. Wote walipata huduma ya daktari bingwa. Kundi moja halikuongezewa kitu. Jingine lilipewa mazungumzo ya kumsaidia mgonjwa abadili fikra na mwenendo wake. Jingine mazoezi ya viungo yanayozidishwa hatua kwa hatua. Na jingine likafundishwa kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zao. Watafiti wakasema mazungumzo na mazoezi yalifanya vizuri zaidi. Waandishi waliitwa mkutanoni, yakazungumzwa mambo ya wagonjwa kurudi katika hali ya kawaida, na kesho yake magazeti ya London yakapiga mbiu: kama una ME, toka nje ufanye mazoezi, wanasayansi wamesema.

Kila mwandishi aliyeripoti hivyo aliambiwa na mtu mwenye shahada, na kila neno lilikuwa na mwenyewe. Lakini je, kuna aliyeuliza hali ya kawaida ilipimwaje? Jibu lilikuwamo katika makala yenyewe. Wagonjwa walijaza fomu ya maswali kuhusu uwezo wao wa kutembea, kupanda ngazi, kubeba vitu, na majibu yakahesabiwa toka 0 hadi 100. Ili mtu aingizwe katika utafiti, alitakiwa awe na alama 65 au chini yake, maana huyo ndiye mgonjwa. Ili mwisho wa mwaka ahesabiwe kuwa yumo katika hali ya kawaida kwa kipimo hicho, alitakiwa awe na alama 60 au zaidi. Soma tena, msomaji. Mtu aliweza kuingia na 65, akapungukiwa hadi 60, na kwa kipimo hicho akahesabiwa yuko kawaida. Tena kulikuwa na jaribio la kutembea kwa dakika sita. Waliopewa mazoezi walianza na wastani wa meta 312 na baada ya mwaka wakafika meta 379. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupita 500. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona pengo hilo, lakini mwanafunzi huyo hakualikwa mkutanoni.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha makala nyingine wakasema asilimia 22 ya waliopewa mazungumzo au mazoezi walipona. Wagonjwa waliokuwa wameusoma mpango wa awali wa utafiti waliona kwamba kiwango cha kupona kilikuwa kimeshushwa. Alama iliyokusudiwa mwanzo katika fomu ile ilikuwa 85. Wakaomba takwimu. Wakanyimwa. Mgonjwa mmoja wa Australia alishikilia ombi lake kwa kutumia sheria ya Uingereza ya haki ya kupata habari, na mnamo Agosti 2016 baraza la kisheria lilikiamuru Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kuzitoa. Takwimu zilipohesabiwa upya kwa kipimo cha awali, waliopona walikuwa asilimia 7 katika kundi la mazungumzo na asilimia 4 katika kundi la mazoezi, ilhali walioachiwa huduma ya daktari peke yake walikuwa asilimia 3. Watafiti waliendelea kuitetea kazi yao, na The Lancet haikuifuta makala ile. Haki yao isemwe. Lakini taasisi ya taifa ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ambayo mwaka 2007 ilikuwa imeyapendekeza mazoezi hayo, ilitangaza Oktoba 2021 kwamba yasitolewe kwa wagonjwa wa ME, na kwamba mazungumzo yale yanaweza kumsaidia mtu kuishi na ugonjwa wala yasihesabiwe kuwa tiba ya kuuponya.

Zingatia miaka iliyopita baina ya mbiu na marekebisho. Ni zaidi ya kumi. Katika muda huo wote mume alimwambia mkewe, daktari akamwambia mgonjwa, mwajiri akamwambia mfanyakazi: jitahidi, imeandikwa gazetini. Na wagonjwa wengi waliotii walieleza kwamba walianguka kuliko walivyokuwa. Tusisahau pia kwamba aliyeifukua habari hii kwa upana si gazeti kubwa. Ni David Tuller, mwandishi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha California, aliyeichapisha Oktoba 2015 katika mtandao wa mtaalamu mmoja wa virusi, akijenga juu ya kazi iliyofanywa na wagonjwa wenyewe, baadhi yao wakiwa hawawezi kuketi kitandani. Makala yenye nambari 65 na 60 ilikuwa mezani pa wahariri tangu 2011.

Mtu anaweza kudhani kwamba magazeti yanakosea kwa kuwapuuza wagonjwa tu, kwamba yakiwapendelea yatakuwa yamesema kweli. La. Oktoba 2009 jarida la Science lilichapisha kwamba kirusi kiitwacho XMRV kilionekana katika damu ya wagonjwa 68 kati ya 101, na kwa watu wenye afya 8 tu kati ya 218. Safari hii vichwa vya habari viliwafurahisha wagonjwa: kumbe haukuwa wazimu, kisababishi kimepatikana! Nchi kadhaa zilizuia wagonjwa wasitoe damu. Baadhi ya watu walianza kumeza dawa zilezile wanazotumia wanaoishi na virusi vya UKIMWI, dawa zenye madhara yake, kwa sababu ya makala moja ambayo maabara nyingine zilikuwa hazijairudia. Zilipoirudia hazikukiona kirusi hicho kwa wagonjwa. Kilikuwa kimetokana na uchafuzi wa vifaa na sampuli maabarani. Desemba 2011 wahariri wa Science waliifuta makala. Habari ya kufutwa ilipata nafasi ndogo kuliko ile ya kugunduliwa, kama ilivyo ada.

Huenda mtu akauliza yanatuhusu nini ya London na Nevada. Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, magazeti ya Afrika Mashariki hayana waandishi wa sayansi huko. Habari hizi hutufikia kwa Reuters na AFP, nasi huzifupisha. Kinachokatwa mwanzo katika ufupisho ni kile hasa kinachomlinda msomaji: waliochunguzwa ni wangapi, kilipimwa nini, nani mwingine amethibitisha. Kichwa cha habari hakikatwi. Pili, tangu janga la KOVIDI lililozuka mwaka 2019, madaktari kote duniani wameona watu waliopona homa lakini wakabaki na dalili kama hizi, na baadhi yao wakatimiza vigezo vyote vya ME. Kirusi kile hakikuchagua bara. Mwalimu anaweza kuwa naye darasani: mtoto aliyeugua, akarudi, Jumatatu akakimbia uwanjani akicheka, Jumatano hayupo, Ijumaa amerudi hakumbuki alichofundishwa. Mwalimu aliyesoma gazetini kwamba huu ni ugonjwa wa fikra na mazoezi ndiyo dawa, atamfanya nini mtoto huyo? Nchini Uingereza uchunguzi wa shuleni uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba ugonjwa huu ulikuwa sababu kubwa ya kiafya ya wanafunzi kukosa masomo kwa muda mrefu.

Lakini usahihi hukata pande zote mbili. Kwetu, mtu aliyedhoofika kwa miezi ana sababu nyingi za kutazamwa kwanza: malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu, UKIMWI, kisukari, maradhi ya tezi, homa itokanayo na maziwa yasiyochemshwa. Mengi kati ya hayo yana vipimo na yana dawa. Gazeti litakalowafanya watu wajiite wagonjwa wa ME bila ya kwenda hospitali litakuwa limewadhuru kama lile lililowaita wavivu. Ndiyo maana ripoti ile ya 2015 ilitaka dalili ziwe zimedumu miezi sita, kuzorota baada ya jitihada kuwepo, na mgonjwa awe amechunguzwa na daktari.

Nimesikia wahariri wakijitetea kwamba gazeti halina muda, kwamba mwandishi si daktari. Ni kweli si daktari. Lakini kuuliza kilipimwa nini hakuhitaji udaktari, kama vile mwandishi wa mahakamani asivyohitaji uwakili ili aulize ushahidi uko wapi. Tena Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 35, imempa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomwathiri, na kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziliagiza kwamba habari iliyopotosha isahihishwe bila kukawia. Sheria inamtazama mtu aliyetajwa jina. Je, maelfu ya wagonjwa ambao hawakutajwa, ila waliathirika wote kwa kichwa kimoja cha habari, nani atawasahihishia? Sioni njia ila gazeti lenyewe lijiwekee desturi: habari ya tiba iliyowekwa ukurasa wa tatu, ikianguka, kuanguka kwake kuwekwe ukurasa wa tatu. Na wasomaji waandike barua wakidai hivyo, kila mara, bila ya kuona haya.

Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitangaza kwamba katika vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 15,000 wameona sehemu nane zinazotofautiana na za watu wasio wagonjwa. Ni habari kubwa. Wenyewe walisema si kipimo cha ugonjwa, na wakati huo ilikuwa bado haijapitiwa na wataalamu wengine kwa ajili ya jarida. Walimu wenye magazeti ya wiki ile katika maktaba zao wangefanya vyema wayagawe darasani, wawaulize wanafunzi ni mangapi yaliyaeleza mambo hayo mawili, na katika aya ya ngapi. Na mwalimu wa hisabati, akiwa na dakika kumi za ziada, awaandikie ubaoni 65 na 60, awaulize ni yupi mgonjwa.